Kumpisha mtu kisha kumgonga?

Bwana Mhariri,

Tangu mbio za Uhispania za tarehe 1 Juni 2025, sisi mashabiki wa mbio za magari za Formula 1 hapa Kamalondo hatuelewani. Kijana mmoja alipanga vizibo viwili vya soda mezani akatuonyesha: dereva Max Verstappen anapunguza mwendo kona ya 5, kama anayempisha mpinzani wake George Russell, halafu anakanyaga mafuta na kumgonga ubavuni. Kizibo kikaruka hadi sakafuni. Kelele!

Wanaomtetea Verstappen wanataja mbio za Silverstone, Uingereza, 2021, Lewis Hamilton alipogongana naye, akaongezewa sekunde 10 za adhabu na bado akashinda. Sikubali mfano huo. Pale wote wawili waligombania kona kwa kasi, hakuna aliyetaka kuachia. Lakini huko Barcelona, Uhispania, mmoja alishaachia njia, kisha akairudia kwa hasira. Ndiyo, timu yake ndiyo iliyomwambia amrudishie Russell nafasi, na amri ile ilimchoma. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwake.

Waamuzi walimpa sekunde 10, akashuka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 10, pamoja na pointi 3 za adhabu kwenye leseni yake. Mimi ni shabiki wake, na nasema wazi: ningemwonyesha bendera nyeusi, yaani ningemtoa mbioni, palepale.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi