Mhariri, tuandikieni na Federer aliyeshindwa

Ndugu mhariri, kamwene. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Mafinga, gazeti nanunua kila jumamosi na naanzia ukurasa wa michezo. Kilichonifanya niandike ni hiki, kila mkimtaja Roger Federer, yule mcheza tenisi wa Uswisi, mnaandika pesa zake tu, ana utajiri kiasi gani, anatangaza saa za mkononi za kampuni gani, basi. Ile kazi yenyewe ya uwanjani mnairuka.

Mzee wangu alikua mchumaji chai kule Mufindi, na shambani kulikua na klabu ya mameneja yenye kiwanja kimoja cha tenisi, sisi watoto tunaokota mipira jioni tunapewa soda. Kumbe na Federer alianza hivyo hivyo, aliokota mipira kwao Basel kwenye mashindano ambayo baadae alikuja kuyabeba mara 10. Nilivyolijua hilo nilimpenda yule mtu mpaka leo.

Na hakuzaliwa mtulivu jamani, ujanani alikua analia uwanjani, anavunja raketi. Kocha aliyemlea, Peter Carter, alifariki kwa ajali ya gari Afrika Kusini mwaka 2002, mwaka uliofuata kijana akachukua Wimbledon yake ya kwanza, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Zikaja 7 nyingine, Grand Slam zote, yani yale mashindano manne makubwa ya tenisi, jumla 20. Hizo mnazijua.

Ila mimi siku nisiyoisahau ni tarehe 14 Julai 2019. Baridi ya Mafinga mwezi wa 7 mnaijua, nimekaa banda la mpira na koti tangu saa kumi, fainali ya Wimbledon, Federer na Djokovic wa Serbia, ilipofika saa moja mwenye banda akabadili chaneli kwa sababu ya nusu fainali ya Afcon na simlaumu ana wateja wake, nikatoka mbio mpaka kwa shemeji mwenye kisimbuzi nikakuta bado wanacheza. Seti ya tano, ndio ya mwisho, Federer anaongoza 8-7, anayeanzisha mpira ni yeye, 40-15, yani pointi moja tu awe bingwa na nafasi anazo mbili, na mwezi ujao anatimiza miaka 38. Zote mbili zikapotea. Masaa karibu 5, akafungwa. Shemeji akazima tivii hatukuongea. Sasa sikieni hii, siku ile Federer alipata pointi 218 na Djokovic 204. Aliyepata nyingi ndio aliyeshindwa, maana tenisi bingwa ni mwenye seti nyingi, sio pointi nyingi!

Alistaafu Septemba 2022 pale London, mechi ya mwisho alicheza dabo, wawili kwa wawili, upande mmoja na Nadal mpinzani wake wa miaka yote, wakafungwa, wakakaa benchi wote wawili wanalia. Halafu mwezi wa 6 mwaka 2024 akaongea na wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, akawaambia kwamba kwenye mechi zake 1,526 za singo, yani mmoja kwa mmoja, alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizopata ni asilimia 54 tu. Mhariri hebu isome tena, 54! Namba moja wa dunia wiki 310, na karibu nusu ya mipira yote aliyocheza maishani aliipoteza.

Hiyo ndio habari ninayoitaka gazetini. Kuna vijana 9 nawafundisha jumamosi kwenye kiwanja cha shule, wavu wetu ni kamba, raketi 4. Mmoja ana mkono mzuri sana ila akikosea mara mbili anatupa raketi anaenda kukaa, na mwezi uliopita wawili wameacha kabisa wanasema hawawezi. Mimi nikiwaambia wanaona ni maneno ya mwalimu tu, ila kitu kikitoka gazetini watoto wanakiamini, wanakikata wanabandika ukutani.

Naomba nusu ukurasa tu, hata kwa wiki moja. Ikitoka nitanunua nakala 9.

Msomaji wenu,
Mafinga, Iringa