Shukrani kwa mzee wa Kamachumu

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulishika kwa kelele za mvua, lakini watu wa Muleba wakisoma hapa naomba wakufikishie salamu. Ni sisi wa gari jeupe, mama na watoto wawili, tuliotoka Mwanza kutembelea vilima vya Kagera mwisho wa wiki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hakuna tena kusubiri kivuko, ndiyo maana tulithubutu.

Pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu, tairi za nyuma zilizama hadi kwenye rimu, na giza linaingia. Ulitoka migombani na panga, gunia umejifunika kichwani. Hukuuliza sisi ni akina nani. Ulikata matawi ya mkaratusi, ukachimba tope kwa mikono, ukayapanga pamoja na mawe mbele ya kila tairi, kisha ukasema, "Gia ya pili, mama, taratibu, usikanyage mafuta." Wewe na vijana wako mkasukuma mpaka tope likawarukia usoni.

Pesa ulikataa kabisa. Badala yake ukatuingiza ndani, tukapewa kahawa ya kutafuna kama wageni wa heshima, na mama wa nyumbani akamfunika mwanangu kanga yake kavu. Mtoto alikuwa anatetemeka, sitalisahau hilo.

Asante sana, waitu. Kanga nimeifua. Desemba, msimu wa senene, tutaileta wenyewe, Mungu akipenda, na tutafika mchana.