Vuli yetu haiamuliwi na Pasifiki peke yake

Mhariri,

Kila likitajwa jina la El Niño, yaani joto la Pasifiki ya ikweta linapopanda kupita kawaida, watu wa Lamu na Malindi huuliza kama mafuriko yanakuja, nalo gazeti hujibu kwa kupima joto la Bahari ya Pasifiki tu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko mbele ya nyumba zetu.

Mwaka 1997 Pasifiki ilipata moto, na Bahari ya Hindi upande wetu ikapata moto vilevile. Mafuriko yake yanakumbukwa mpaka leo. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu karibu sawa na ile, watu wakajitayarisha, gharika haikuja. Kisha mwishoni mwa 2019, Pasifiki ikiwa imetulia, vuli ikamwagika mpaka Januari.

Kwa kawaida upepo wa ikweta kwenye Bahari ya Hindi huvuma kutoka magharibi, na maji moto hurundikana upande wa Indonesia. Upepo huo ukigeuka, maji moto husukumwa kuja huku, na pwani ya Sumatra maji baridi huibuka kutoka chini. Palipo na maji moto hewa hupanda na kufanya mawingu. Palipopoa hushuka na mvua hukosekana. Ndiyo maana 2019 sisi tulifurika, Australia ikaungua. Wataalamu huiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Tofauti ya joto la maji ya magharibi na ya mashariki ikipanda zaidi ya nyuzijoto 0.4 juu ya kawaida, kwa wiki kadhaa mfululizo, daipoli ni chanya; ikigeuka kinyume, ni hasi. El Niño huichochea mara nyingi, si kila mara.

Mabadiliko ya tabianchi hayakuizaa mizunguko hii, ila yanaizidishia uzito: hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hurudi chini kama mvua.

Tunaomba, basi, kuanzia Agosti hadi Novemba mchapishe kila wiki namba mbili, ya Pasifiki na ya daipoli. Zote zikipanda, mkulima wa kando ya mto Sabaki atoe pampu na mabomba ukingoni kabla ya Oktoba, na mwenye duka Lamu alete unga na mafuta mapema, kwani barabara ya kuja Lamu hukatwa na mafuriko pale Gamba. Daipoli ikiwa hasi, mvua huwa haba, na hapo jabia, yaani sakafu ya kukingia mvua na tangi lake, ndiyo ya kushughulikiwa: ifagiliwe, nyufa zizibwe, manyunyu ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi na mavi ya ndege kabla mdomo wa tangi haujafunguliwa. Sakafu ya mita mraba 100 ikipata milimita 20 tu ni lita 2,000, nazo ufa usioonekana vizuri hunywa nyingi.

Namba hizo zisitumiwe kutabiria masika. Kaskazi ikishashika, daipoli huvunjika, na kufikia Machi huwa haipo.

Wasomaji wenu,
Lamu