Kaka, mivinje ya Babu isikatwe

Mpendwa Kaka Salimu,

Ama baada ya salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote wa nyumbani Pangani, barua yako imenifikia. Fedha za macho ya Mama nimekwisha kuzituma. Za kumlipa mkata miti sizitumi, nami nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mji huu wa Skagen uko kaskazini kabisa mwa Denmark, juu ya ulimi wa mchanga ambao mbele yake zinakutana bahari mbili, Skagerrak na Kattegat. Ukisimama nchani unayaona mawimbi yakitoka pande mbili na kugongana miguuni pako. Ulipewa hadhi ya mji mwaka 1413, na bandari yake ya uvuvi, iliyofunguliwa mwaka 1907, ni miongoni mwa zile kubwa kabisa nchini. Hapo ndipo ninapofanya kazi, na mwambie Mama kwamba tangu mwezi uliopita mimi ndiye msimamizi wa zamu.

Jumapili nilikwenda kulitazama kanisa lao la kale. Wazee wa huku walikata miti na kuachia mifugo ile nyasi iliyoshika mchanga, upepo ukauinua, ukawa unalifukia kanisa mwaka hata mwaka, hata waumini wakawa wanachimba mlangoni ndipo waingie kusali. Mwaka 1795 likafungwa, kisha likabomolewa, ukaachwa mnara mweupe peke yake uwe alama kwa mabaharia. Niliugusa ukuta wake, nikaona sehemu yake ya chini imezama mchangani. Baadaye walilazimika kupanda upya nyasi na misonobari, kazi ya miaka mingi. Tuta moja waliliacha, Råbjerg Mile, na mpaka leo linahama karibu mita 15 kila mwaka.

Kaka, ulipouza mashua ya Babu nilipata habari kwa watu, nikanyamaza, ingawa iliniuma na inaniuma bado. Lakini mivinje ile aliipanda kwa mkono wake, mimi na wewe tukibeba maji kwa madebe, na ndiyo inayoushika ufuo usiliwe na bahari. Usiku upepo ukivuma huku huwa naisikia ikilia nyuma ya nyumba yetu.

Kama ni deni linalokusukuma, niandikie ni kiasi gani, nitalilipa mimi kabla ya Ramadhani. Huyo mkata miti mwambie asije.

Mdogo wako,
Athumani