Mwanangu, gitaa lako usilipake nyeusi

Assalaam aleikum mwanangu,

Mzigo umefika jana alasiri. Umevuka na boti kutoka Mokowe kuja hapa Amu, na pale gatini wapagazi wakaupapasa wakauliza huu ni mlango wa kabati ama ni nini, nikawaambia ni gitaa la kupigwa na miguu, hiyo pedal steel yako inayosimama kama meza, mtu anakaa nyuma yake anateleza chuma juu ya nyuzi huku akikanyaga pedali, basi wakacheka mpaka punda akashtuka. Sikuwalaumu, manake hata mimi kabla hujanitumia ile video nilijua gitaa ni lile la kupakata tu. Vyuma umefanya vizuri kubaki navyo huko Nairobi ukanitumia mbao tupu, ila natumai kule chini ulipiga picha kabla hujafungua hata skrubu moja, nimeona kwenye simu tumbo la hilo gitaa lilivyojaa fito na vijiti na springi, na wewe nakujua ni mtu wa kusema "ntakumbuka".

Mamako bado haamini kwamba umelipa pesa ile yote kwa kitu cha miziki ya Wamarekani wavaa kofia. Nikamwambia hapana, hii mambo ya kuteleza chuma juu ya nyuzi ilianzia kisiwani, Hawaii, wanasema alikuwa kijana mmoja Joseph Kekuku karne ya 19, mtu wa visiwani kama sisi. Na hata Nigeria huko mwanamuziki King Sunny Adé alikuwa na mpigaji wake wa gitaa kama hili, Demola Adepoju. Akanyamaza kidogo. Sio kwamba amekubali, amenyamaza tu.

Sasa tuje kwenye rangi. Umeniandikia unataka nyeusi, ing'ae kama gari jipya. Mwanangu mimi niko na vanishi tangu sijaota ndevu, nimepaka milango, vitanda, viti vya enzi, na nakwambia nyeusi usipake, na ntakueleza sababu manake ukikatazwa hivi hivi wewe hufanya makusudi.

Nyeusi yenyewe haina kosa. Nimekesha na simu nikiangalia hizi gitaa, nikaona zile za Emmons, kampuni iliyokuwa Burlington kule North Carolina, nyingi ni nyeusi na zimependeza kweli. Lakini nyingi ya zile hazikupakwa rangi, zimebandikwa formaika juu ya mbao, ile ile ya meza za mkahawa, ndo mana hazichubuki ovyo. Yako ni Sho-Bud ya Nashville, ya kina Shot Jackson na Buddy Emmons (na huyo Emmons baadaye akatoka akaenda kuanzisha hiyo nyingine yenye jina lake, mambo ya mafundi hayo hata hapa Amu yako), na Sho-Bud nyingi zilipakwa laka ili mbao ionekane. Wapigaji wanabishana ati ya formaika inalia hivi na ya laka inalia vile. Mimi sikio hilo sina. Ninachojua ni mbao.

Na mbao yako imefichwa. Hii nyeusi uliyoikuta sio ya kiwandani, ni rangi ya nyumba iliyopakwa na brashi, nywele za brashi zimo ndani mpaka leo, Mungu amsamehe aliyefanya. Nikaligeuza nikaangalia pale ubavuni linapokaa bamba la aluminiamu, brashi haikufika pale, nikakuta rangi ya kwanza iko vile vile: damu ya mzee, imeiva. Mbele nilipokwangua nyeusi kidogo, nyekundu ile ile imeshakuwa kahawia, jua na taa zimeila kabla huyo mwenye brashi hajafika. Basi nikachukua msasa namba 120 nikapitisha kwenye kona moja ndogo mpaka nikafika kwenye mbao yenyewe, nikapangusa na spiriti, nikamwita mamako aje mbio. Mepo mwanangu, yaani maple, ile yenye madoadoa kama macho ya ndege! Ukipangusa mbao tupu na spiriti, dakika ile moja kabla haijakauka unaiona sura itakayokuwa nayo ukishapaka klia, ile vanishi isiyo na rangi. Ikawaka ikawa kama halua, halafu ikazimika. Nikapangusa tena. Mamako akasema "hiyo ndo mtoto anataka kuifunika na masizi?"

Kwa hivyo unachagua kati ya mbili. Ya kwanza ni kuirudisha damu ya mzee kama alivyozaliwa. Ya pili ni rangi ya asali, yaani mbao yenyewe na joto kidogo. Mimi niko upande wa asali, lakini ukitaka nyekundu sitakupinga, ni rangi yake halali. Ila nyekundu ntaipata kwa rangi ya kuyeyusha kwenye spiriti, sio ile ya kopo yenye unga unaotulia chini, ile unga hukaa juu ya macho ya ndege ukayapofusha, tena mepo hunywa rangi kwa mapande, hapa imeshiba pale ina njaa, ukimaliza mbao ina mabaka kama mtu mwenye choa. Na usinitumie picha ya kabati la mvule uniambie nataka kama hii. Mvule una rangi yake, mepo ni nyeupe, rangi moja juu ya mbao mbili ni rangi mbili. Ntakujaribia kule kule chini ya bamba pasipoonekana nikutumie picha, moja ya kivulini na moja ya juani.

Na fikiria pia nani anaona nini. Watu waliokaa mbele wanaona ule ubao wa mbele tu na miguu ya kromu, basi. Wewe uliyekaa nyuma ndo unaona juu, na pale juu hakuna vyuma vya kukushikia noti, kuna mistari imechorwa tu na wewe unatafuta na kile chuma cha mkononi kiwe sawasawa juu ya mstari, sasa ukiweka ng'ao wa kioo taa za stejini zitakurudi machoni. Mbele ntang'arisha mpaka ujione meno. Juu ntaiua ng'ao kidogo.

Kuhusu cha kupaka, huyo rafiki yako anayekwambia tumia ile ya magari ya kuchanganya kopo mbili, ni kweli ni ngumu, na nakubali kwa bafu la hoteli. Lakini ikipata mkwaruzo hairekebishiki vizuri, mpako mpya hauyeyuki ukaungana na wa zamani, unakaa juu yake kama kiraka. Laka ya nitroselulosi kila mpako unayeyusha wa chini yake wanakuwa kitu kimoja, leo ukiigonga na kesi, lile sanduku lake la kubebea, miaka kumi baadaye fundi anaipulizia pale pale. Shelaki peke yake, ile ya wadudu, ndo naipenda kuliko zote lakini siiwezi kwako, manake huyeyuka kwa spiriti, na huko unakopiga ijumaa usiku najua watu wameshika nini mkononi, pombe kali ikimwagika basi. (Sijasema wewe.) Kwa hivyo shelaki ya rangi ya kaharabu mipako miwili chini, ndo itakayokupa asali yako, halafu laka nyembamba nyembamba juu, msasa wa maji namba 800 mpaka 2000. Nyembamba manake laka ikijaa kwenye vishimo vya vyuma na kwenye kingo za ubavuni utakuja kulia ukirudisha mabamba hayaingii.

Kitu kimoja tu kinanitia haraka, nacho ni mvua. Kaskazi inakwisha, masika yako njiani. Mwaka mmoja ulikuwa mdogo nilipuliza laka mlango wa nyumba moja Shela hewa ikiwa nzito, mwenyewe alinishika koo anataka kuhamia. Thina ikiruka kwa kasi hupoza ule uso, unyevu wa hewa ukatua pale pale, asubuhi nikakuta mlango mweupe kama umepigwa na ukungu. Nilingoja siku kavu nikapuliza thina tupu ikayeyuka ikarudi, lakini yule bwana pesa ya mwisho mpaka leo sijaiona. Kwa hivyo napuliza siku kavu tu, saa nne hivi umande ukishakauka, darini, mbali na jiko la mamako manake hii kitu inashika moto upesi sana.

Ikishakauka usije mbio. Juu hukauka kwa saa moja lakini ndani bado ni laini, ukiifunga kwenye kesi kabla ya mwezi utakuta alama za kitambaa zimejichora. Na zile raba na plastiki laini usiziwache zimegusana nayo hata baada ya mwaka, laka hugeuka ikanata.

Na hayo mabamba ya aluminiamu wewe endelea kuyang'arisha huko, polishi ya chuma na kitambaa laini. Mamako anasema tumia ukwaju kama sinia za shaba. Usimsikize kwa hili, na usimwambie nimesema.

Nijibu leo ama kesho, thina nimeshaagiza Mombasa. Asali au damu ya mzee. Ukishikilia nyeusi ntakurudishia mbao na boti ile ile. Na mamako anasema ukituma mzigo tena utie hata sabuni na majani chai, boksi lilikuwa na nafasi.

Babako,
Langoni