Kwenye picha za Marilyn, nyeusi huja mwisho

Mhariri,

Makala yenu kuhusu picha za mwigizaji Marilyn Monroe zilizotengenezwa na msanii wa Marekani Andy Warhol ilisema uso ulichapwa kwanza kwa wino mweusi, kisha rangi zikapakwa juu yake. Mpangilio ni kinyume cha hapo, na kosa hilo linamfungia msomaji mlango wa kuzielewa picha zenyewe.

Warhol alizianza Agosti 1962, mara tu Monroe alipofariki. Alichukua picha ya kutangazia filamu ya Niagara ya mwaka 1953, akaipunguza ukabaki uso na shingo. Ilikuzwa, ikageuzwa kuwa vitone, vitone vikahamishiwa kwenye hariri iliyowambwa katika fremu. Kabla ya kuchapa alichora mipaka ya uso kwenye turubai, akapaka kwa brashi nywele za njano, ngozi ya waridi, kope za buluu na midomo myekundu. Hapo bado ni mabaka tu, hayana pua wala tabasamu. Uso hutokea fremu inapolazwa juu na wino mweusi kusukumwa upenye hariri kwa kipande bapa cha mpira. Fremu ikisogea milimita chache, wekundu unavuka ukingo wa mdomo na buluu inatoka nje ya kope. Anayedhani brashi iliteleza atazame tena: uliohama ni wino mweusi.

Kwa anayetaka kujaribu, vitone 30 hadi 35 kwa inchi vinatosha, na wavu, yaani kitambaa cha fremu, uwe na nyuzi mara nne au tano ya hesabu hiyo. Pakaza dawa ya mwanga (hugandishwa na mwanga na kuziba wavu, isipokuwa penye vitone) safu moja kila upande, ikaushe gizani fremu ikiwa imelala, kisha uimulike. Mwanga ukipungua, dawa yote huondoka na maji. Ukizidi, vitone vidogo havifunguki na kivuli cha shavu kinapotea. Wakati wa kuchapa, acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya wavu na turubai, uinamishe mpira na kuuvuta mara moja bila kusita. Ukirudia, picha inakuwa na kivuli pacha. Wino mwingi huziba vitone na nywele kugeuka doa jeusi. Ukichelewa, wino wa akriliki hukaukia kwenye matundu, na kila uso unaofuata unafifia.

Kasoro hizi mbili za mwisho ndizo zilizo upande wa kulia wa Marilyn Diptych, kazi yake ya paneli mbili iliyopo katika jumba la sanaa la Tate, London: nyuso 25 za rangi kushoto, 25 za wino mweusi tu kulia, safu wima moja ikizama kwenye wino, nyingine ikififia hadi karibu kutoweka. Mwandishi wenu aliuita uzembe. Hatukubaliani naye hata kidogo. Mchapaji huiona kasoro papo hapo na anaweza kuisafisha fremu. Warhol aliziacha, na huzuni ya kazi nzima imekaa humo.

Picha mliyoiweka kando ya makala, isitoshe, si ya 1962. Inatoka katika seti ya karatasi kumi ya mwaka 1967, ambayo rangi zake nazo zilichapwa kwa fremu, si kwa brashi. Tunaomba maelezo yaliyo chini yake yasahihishwe pia.

Wasomaji wenu, wachapaji wa fremu