YAH: Kumuuzia mtoto wa miaka 12 gemu yenye alama ya 18, na kudhalilishwa kwenye kaunta yenu

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Friji, pasi na televisheni vya nyumbani kwangu vimetoka kwenu, na risiti zake ninazo. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu tawi lenu la Mwenge halikutaka kunisikiliza, na namba yenu ya huduma kwa wateja ilinipigia muziki mpaka salio likakata.

Sera zenu unazijua kuliko mimi, sitakuchosha nazo. Ile karatasi iliyobandikwa kwenye rafu ya gemu, yenye nembo ya kampuni, inayosema gemu za 18 haziuzwi kwa watoto, mmeiandika ninyi. Naomba unieleze ilikuwa inamlinda nani siku ile keshia wenu alipopokea shilingi 140,000 mkononi mwa mwanangu, mtoto wa darasa la sita aliyevaa fulana ya michezo ya shule, akazihesabu, akamwambia, "Haya dogo, kafaidi."

Nilirudi dukani Jumatatu, nikiwa na boksi, risiti na mtoto mwenyewe. Nilisubiri foleni kama wengine. Msimamizi wa zamu ni kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, na hata shikamoo hakunipa. Niliweka boksi mbele yake, nikamwonyesha alama nyekundu ya 18, nikamwomba kwa upole anirudishie fedha. Hakulitazama. Alipaza sauti foleni yote isikie: "Mama, mambo ya malezi msituletee kaunta. Kama mtoto amekushinda, mpeleke kwa bibi yake kijijini." Watu wakacheka.

Meneja, mtoto hajanishinda. Ngoja nikueleze nilivyojua kwamba ameuziwa gemu hiyo. Ile PlayStation tulinunua kwenu, na fundi wenu wa siku hiyo, kijana mstaarabu ambaye sijamwona tena pale, ndiye aliyenionyesha jinsi mzazi anavyoweka kikomo cha umri na namba ya siri. Niliweka. Jumamosi ile mwanangu alipotoka kwenu na binamu yake wa miaka 14, wakachana nailoni na kuingiza CD, mashine ilikataa. Ikadai namba ya siri. Mtoto akaja jikoni kuniuliza namba, boksi akiwa nalo mkononi, bila kificho chochote, kwa sababu mtu mzima mwenye sare ya kampuni alikuwa amemuuzia na hakumwambia kitu. Mashine ilifanya kazi ambayo keshia wenu analipwa mshahara aifanye. Gemu haikuchezwa hata dakika moja. Halafu mimi ndiye niliyeambiwa nimeshindwa kulea.

Fedha alipewa na mjomba wake kwa kufanya vizuri mtihani wa muhula. Alitaka gemu ya mpira. Keshia ndiye aliyemwambia ya mpira imeisha, achukue hii, "ndiyo inatoka sana." Kwa hiyo hamkumuuzia tu, mlimchagulia.

Nimeligeuza boksi lile pande zote. Mbele kuna tarakimu 18 kwenye rangi nyekundu. Nyuma kuna picha ya ngumi na picha ya sindano, yaani ukatili na dawa za kulevya. Hizo ni alama za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, uliopo tangu 2003, wenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18, na umewekewa picha ili hata asiyejua Kiingereza aelewe. Kwenye rafu hiyo hiyo mna maboksi yaliyotoka Marekani, yenye alama za ESRB, mfumo wao ulioanza 1994. Hayo hayana 18, yana herufi M, maana yake miaka 17 na kuendelea. Je, makeshia wenu wanajua hivyo? Nilimuuliza binti aliyekuwa kaunta ya pili, akanijibu kwa adabu kwamba hajawahi kufundishwa. Simlaumu binti yule. Nakulaumu wewe na wenzako wa makao makuu, mnaoagiza bidhaa zenye onyo na kuwakabidhi vijana waziuze bila kuwaambia onyo lile linasema nini.

Msimamizi alipomaliza kuchekesha watu, alinipa hoja mbili. Ya kwanza, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ya pili, hakuna sheria inayomkataza kumuuzia mtoto. Sitabishana naye kuhusu sheria za hapa, hilo wataliona wanasheria, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Nitamjibu kwa mambo ya kwingine, kwa sababu nimekaa usiku nikayasoma.

Uingereza, tangu tarehe 30 Julai 2012, duka likimuuzia mtoto gemu ya PEGI 12, 16 au 18 kabla hajafikia umri huo, limetenda kosa la jinai. Lakini tuseme kijana wenu anapenda mfano wa nchi isiyo na sheria hiyo. Upo. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 ya kuzuia watoto wasiuziwe gemu za ukatili, na Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa, majaji 7 dhidi ya 2. Je, maduka ya kule yakaanza kuwamwagia watoto gemu hizo? Tume yao ya biashara ilikuwa ikituma watoto wa miaka 13 hadi 16 madukani, bila wazazi, wajaribu kununua gemu za M. Mwaka 2000 watoto 85 katika kila 100 waliuziwa. Kufikia 2010 walikuwa 13. Hakuna askari aliyesimama kaunta. Ni wenye maduka walioamua, wakawafundisha makeshia wao kuuliza umri na kukataa. Kwa hiyo "hakuna sheria" si jibu. Duka likitaka, linaweza kuanza Jumatatu asubuhi.

Najua wapo watakaosema mzazi ndiye anayepaswa kuamua mtoto acheze nini. Nami nasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa kuliko wao. Siombi gemu hizo zipigwe marufuku, wala sitaki kumpangia mtu mzima anachocheza sebuleni kwake. Mzazi akiona mwanawe wa miaka 15 amepevuka, aje dukani amnunulie mwenyewe. Lakini nitaamuaje ikiwa uamuzi unafanyika kaunta kwenu, mimi nikiwa kazini? Mtoto akikataliwa, atarudi nyumbani kuniomba, na hapo ndipo nafasi ya mzazi inapoanza. Mkimuuzia, mmeshaamua kwa niaba yangu.

Wala msiniambie kutambua umri ni kazi ngumu. Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Laini ya simu tu tunasajili kwa kitambulisho na alama ya kidole. Matangazo ya kubeti yanatuambia kila saa kwamba ni kwa wenye miaka 18 na zaidi. Mtaani kwetu Sinza kuna kibanda cha gemu, mabati na viti vya plastiki, na kijana anayekiendesha hawawekei watoto wenye sare gemu za kuuana. Anawawekea mpira, au anawaambia waende nyumbani wakabadilishe nguo kwanza. Hana meneja mkuu, hana sera iliyoandikwa, na hakuna aliyemlazimisha.

Narudia yaliyotokea kaunta, kwa sababu nahofia ulipoyasoma mara ya kwanza umeyapita haraka. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Nilikuwa nimemleta aonyeshe keshia aliyemuuzia, nikimwambia njiani kwamba asiogope, watu wazima watalimaliza kwa kuongea. Msimamizi alimtazama yeye, si mimi, aliposema mtoto amekushinda. Alimnyooshea kidole. Aliposema mpeleke kwa bibi yake kijijini, mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kijana, huyo ni mama yako," na msimamizi akamjibu, "Mzee, wewe subiri zamu yako." Kisha akalisukuma boksi kwa mgongo wa mkono, likaanguka upande wangu wa kaunta. Aliyeinama kuliokota ni mwanangu. Kwenye daladala hakusema neno mpaka tulipofika Shekilango, ndipo akaniuliza, "Mama, kwani nimekushinda?"

Hilo swali, Meneja, nani kati yenu atalijibu?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu: fedha zangu shilingi 140,000, na barua ya kuomba radhi. Sasa naona hayatoshi. Fedha zirudi zote, bila kukatwa kwa sababu nailoni imechanwa. Radhi iombwe na msimamizi huyo mwenyewe, kwenye kaunta ile ile, mbele ya mwanangu, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ile. Gemu zote za 18 na za M ziondolewe kwenye rafu ya chini, pale zilipokaa pamoja na gemu za magari na katuni, ziwekwe nyuma ya kaunta, na anayezitaka aonyeshe kitambulisho. Na makeshia wenu wa matawi yote, si Mwenge peke yake, wafundishwe kusoma alama hizo na wapewe mamlaka ya kukataa kuuza bila kugombezwa na wasimamizi.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14 za kunijibu. Nawapa 7 tangu siku mtakapoipokea barua hii, nayo nitaileta kwa mkono na kusainiwa. Siku ya 8 malalamiko yangu yatakuwa mezani Tume ya Ushindani, pamoja na nakala ya risiti na picha ya ile karatasi yenu ya rafuni, ambayo nimeipiga na tarehe inaonekana. Mwanasheria ameshanisikiliza na atadai fidia ya udhalilishaji, si bei ya CD tena. Wazazi wa shule ya mwanangu wana kikao mwezi huu, nami nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nitawasomea barua hii yote, na jina la kampuni nitalitaja.

CD na boksi nitakaa navyo mpaka fedha iwe mkononi mwangu. Msimtume msimamizi yule kunipigia simu. Nipigie wewe.

Wako katika kudai haki,

Mzazi na mteja,
Sinza, Dar es Salaam.

Nakala: Meneja wa Tawi, Mwenge
Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi